Kumpimia Mungu Shamba

Jumamosi, Runyenjes

Wawira amekubali kuja kanisani kesho. Ninaandika upesi nisije nikasahau alivyosema.

Mjukuu wangu huyu, ambaye huniita guka, yaani babu, anasomea fizikia chuo kikuu. Tangu Pasaka hajakanyaga kanisani. Aliwaambia watoto wa shule ya Jumapili kwamba huenda kuna malimwengu mengine mengi zaidi ya huu wetu, nami, mzee wa kanisa, nikamkemea mbele ya waumini wote. Nimeogopa miezi yote hii kwamba nimempoteza.

Leo tulikuwa tukichambua kahawa, mbivu huku, mbichi kule. Nikamwambia kwamba malimwengu yakiwa mengi, huu wetu utakuwa umetokea kwa bahati tu, na Muumba atakosa kazi.

"Mume wangu," akasema, maana ana jina la marehemu mke wangu na hunitania hivyo, "nani alikutuma kumpimia Mungu shamba na kumwekea alama za mpaka?"

Nilicheka hadi nikakohoa. "Na mna hakika yapo?"

"Hapana, guka. Ni nadharia. Hata sisi tunakisia."

Mungu niliyemhubiri miaka yote alikuwa mdogo mno! Nilipotazama chini, nilikuwa nimetupa mbichi kwenye mbivu, kosa ninalowafokea wengine. Wawira alizitoa mojamoja, akitabasamu.

Kesho nitamwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimkemea. Amesema atakaa kiti cha mbele, asikie vizuri.