Aliyebisha Alikuwa Linet

Ukunda, Kwale
Jumapili, 29 Machi 1998

Dada yangu mpenzi Edina,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na goti lako liwe limepata nafuu kwa ile dawa uliyopewa hospitali. Sisi huku tunashukuru. Ivan hajambo, na ameniagiza nikusalimu sana. Gillian ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anazungumza kwa kithembe. Mimi ile malaria ya Januari imeniacha, nakula vizuri na nalala.

Barua yako ya Desemba niliipata mwezi wa pili umefika katikati. Mvua hii wanayoiita Elinino ilikata barabara kila upande, hata mabasi ya Tanga yalikaa siku nyingi bila kuja. Lakini si mvua peke yake iliyonichelewesha kukujibu. Nitafika huko.

Umeniuliza kama tumeshakuwa watu wa huku. Ni miaka miwili na miezi miwili sasa tangu tulipovuka mpaka wa Horohoro na masanduku yetu, na sijui nikujibu vipi. Lugha ni ileile, lakini kila siku kuna mtu wa kuniuliza natoka wapi. Nikisema dukani naomba chumvi, mwenye duka hucheka, husema Watanzania wanaomba hata kitu wanachonunua. Chekechea wanaiita nasari, na Gillian ameleta maneno mapya kutoka huko. Baba yake akimuuliza hujambo, anajibu poa. Nimemkanya. Kwa Bibi Mwanapili, mwenye nyumba yetu, hathubutu, maana Bibi hamwachi mtoto apite uani bila shikamoo kamili. Machungwa mengi yanayouzwa hapa stendi yanatoka kwetu Muheza. Juzi nilisimama mbele ya fungu moja, muuzaji akaniambia haya ni ya Tanganyika mama, matamu. Zamani ningetokwa na machozi. Nilinunua matano nikaenda zangu.

Kazi ipo. Ivan bado ni fundi wa majokofu pale hotelini Diani, nami bado niko idara ya dobi. Hoteli ilifungwa Septemba wageni walipokimbia, ikafunguliwa Krismasi kwa nusu ya wafanyakazi. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioitwa, na juu ya hayo nikapewa usimamizi wa dobi nzima. Bwana Luqman, mkuu wetu, alisema hakuna aliyefundishwa kazi ile vizuri kama mimi. Ni kweli. Aliyenifundisha ni Linet, na nafasi ile ilikuwa yake.

Mwezi wa kwanza nilijiunguza kwa pasi kubwa ya mashuka, hapa juu ya kifundo cha mkono. Aliyegutuka ni Kitsao, mzee wa mashine za kufulia. Alisikia harufu, akaja akanivuta. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Kidonda kimepona, usiwe na wasiwasi. Nimekutajia ili ujue hali yangu ya siku hizi ilivyo. Mambo yananipata, nami nayatazama kama ya mtu mwingine.

Sasa dada, mara mbili umeniuliza mbona simtaji Linet tena, na barua zangu za zamani zilikuwa zimejaa Linet. Ulisema labda tumegombana. Hatukugombana.

Unakumbuka nilivyokueleza: mwanamke wa Busia, mrefu, mcheshi, chumba chake kinatazamana na changu ng'ambo ya ua. Nilipofika hapa sikujua mtu. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Bwana Luqman na kusema huyu ni ndugu yangu, mpe kazi. Nilipoumwa tumbo mwaka juzi alimlea Gillian siku tisa, akimsuka na kumpeleka nasari. Gillian alimwita anti, na alikuwa akilala kwake Ivan akiwa zamu.

Habari za Agosti mlizisikia kwenye redio, nami nilikuandikia kwamba tumesalimika. Sikukueleza zaidi. Mashambulio yalianza Likoni, siku mbili baadaye, Ijumaa, yakafika huku. Vibanda vya watu wa bara vilichomwa, na karatasi zilitupwa kuwaambia warudi kwao. Ivan alikuwa kazini na hoteli ikafunga mageti, asiingie mtu wala asitoke, hivyo alikaa huko siku nne. Nyumbani tulibaki mimi na Gillian, Bibi Mwanapili chumba cha mbele, na Linet. Wapangaji wengine walikuwa wameshakwenda kujisitiri kanisani. Linet naye alitaka kwenda Ijumaa ile, Bibi akamwambia atulie, kwamba hakuna kijana wa Ukunda atakayeingia nyumbani mwake bila idhini yake.

Jumamosi, kama saa nne asubuhi, Linet alikwenda kisimani. Mimi nilikuwa ndani namchana Gillian nywele. Nikasikia makelele upande wa barabarani, kisha sauti ya Bibi kule mbele akiwagombeza vijana kwa Kidigo, akiwaambia nyumba hii ina wanawe tu. Nikakomea mlango. Nikamwambia Gillian aingie chini ya kitanda, nami nikakaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni.

Wengine walikuwa wamezunguka kwa nyuma. Nilisikia wakivunja chumba cha Linet, na vyombo vikitupwa. Kisha wakaondoka, kukawa kimya kidogo, nikadhani yamekwisha. Ndipo mtu akabisha mlango wangu kwa kiganja. Kupitia uwazi wa chini niliona vidole vya miguu vimelowa maji. Akasema kwa sauti ya chini, Mama Gillian, nifungulie, ni mimi Linet.

Dada, nilikuwamo.

Alibisha tena. Nilisikia vijana wakirudi kutoka upande wa choo. Niliwaza kwamba nikifungua watamkuta kwangu, na wakimkuta kwangu watanikuta mimi na mtoto, Wakristo, watu wa kuja. Niliyawaza yote hayo vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari. Nisingependa udhani kwamba hofu ilinipoteza akili. Gillian akasema kutoka chini ya kitanda, mama, ni anti Linet. Nikajivuta mpaka kwake nikamziba mdomo kwa mkono. Linet alibisha mara ya tatu, polepole sana. Halafu miguu ikaondoka.

Walimpata kwenye minazi nyuma ya nyumba. Alikinga panga kwa mkono wa kulia. Aliyetoka mbio kwa kilio chake alikuwa Bibi Mwanapili, mwanamke wa miaka sabini, akipiga ukelele na kuwaita wale vijana kwa majina ya baba zao mpaka wakatawanyika. Alivua leso yake akaufunga ule mkono, akasimamisha pikapu ya mtu wa samaki, akampakata Linet mpaka hospitali. Mimi nilifungua mlango nilipoisikia pikapu imeondoka. Nilifagia ua. Ndoo ya Linet ilikuwa imelala karibu na kizingiti changu, nikaisimamisha.

Siku ya sita nilikwenda kumtazama. Vidole viwili vilikuwa havipo, na mkono wenyewe umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Kabla hajaniuliza chochote nilimwambia kwamba siku ile niliposikia makelele nilimchukua mtoto nikakimbilia kwa Bibi, tukajificha uvunguni kwake. Linet alinitazama, akasema heri hamkuwepo. Nikamlisha uji. Wiki iliyofuata ndugu yake akaja kumchukua, wakaenda Busia.

Kwa Bibi nilisema uongo mwingine, kwamba nilikuwa nimezimia ndani. Ivan nilimwambia sikusikia mtu kubisha. Anapowasimulia watu husema mke wangu ni hodari, alimlinda mtoto peke yake. Hulisema mbele yangu, nami humpakulia chakula. Gillian hajawahi kunisuta. Ila mtu akibisha mlango, hata awe baba yake, huingia chini ya kitanda.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, Septemba mpaka Machi. Nilikuwa nikipika, nikifua, nikienda kanisani. Kila Jumapili watu waliombea waliojeruhiwa nami niliitikia amina pamoja nao, bila kusikia kitu. Hata ulipoandika kwamba shangazi amefariki nilikaa na barua mkononi, nikimtafuta shangazi moyoni, nikakuta pamenyamaza. Nisamehe kwa ile rambirambi ya mistari mitatu.

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, mchana, nilikuwa namenya muhogo mlangoni, Linet akaingia uani na begi begani. Hakuwa ametuma habari. Kwa ndugu yake nyumba ni ndogo, na Bwana Luqman alikuwa amemwandikia kwamba kazi nyepesi ataipata. Chumba chake cha zamani kina mpangaji mwingine, kwa hiyo Bibi, kwa wema wake, alimwambia akae kwa Mama Gillian mpaka apate pa kukaa, akamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Alikaa kwenye kiti cha Ivan akaanza kufungua begi kwa mkono wa kushoto. Zipu ilikuwa inakataa. Nilitaka kumsaidia, na badala yake nikasikia nasema: Linet, siku ile nilikuwamo humu ndani.

Hakuacha kuvuta zipu. Akasema, "Najua. Nilimsikia Gillian akinitaja."

Nikamuuliza mbona pale hospitali alisema vile. Akajibu kwamba siku ile maumivu yalikuwa mengi, na hakuwa na nguvu za kunitazama nikilia. Nilimwambia sikulia, hata sasa sijalia. Akasema hilo pia analiona. Kisha akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Nilimpelekea maji bafuni. Alioga, akala muhogo, akamshukuru aliyepika kama anavyoshukuru mgeni. Gillian alipotoka nasari alisimama mlangoni muda mrefu, halafu akamuuliza anti alikwenda wapi siku ile. Linet alimwambia alikwenda kwa mama yake kupumzika. Mtoto akaushika ule mkono, akahesabu vidole, akauliza vingine viko wapi. Linet akamwambia vimebaki Ukunda vikimngoja. Gillian alicheka, na Linet akacheka naye. Mimi nilikuwa naosha sahani.

Alikaa kwetu siku nne. Usiku alilala na Gillian kitanda kimoja, na siku zote hizo mtoto hakuingia uvunguni hata mara moja. Siku ya tano alipata chumba upande wa Mvindeni, akachukua vitu vyake vilivyokuwa kwa Bibi, akaaga kila mtu.

Sasa tuko pamoja kazini. Nilimwambia Bwana Luqman amrudishie usimamizi. Alisema kwa mkono ule haiwezekani, nami sikumwambia mara ya pili. Hilo nalo nataka ulijue. Linet yuko meza ya kukunja. Mashuka ya vitanda vikubwa yanataka watu wawili, hivyo kila siku tunasimama, mimi huku, yeye kule, yeye kona moja ameishika kwa mkono wa kushoto na nyingine ameibana kwapani. Tunakutana katikati, ananikabidhi kona zake, tunarudi nyuma, tunaanza jingine. Tunazungumza habari za kazi tu.

Ijumaa iliyopita, katikati ya shuka, nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi, yakatoka mawili. Linet alinyoosha upande wake mpaka ukanyooka, akasema, "Nimesikia." Akanikabidhi kona. Siku nzima nilijaribu kulipima neno lile, kama ni mlango au ni ukuta, nikashindwa. Nadhani ni vile tu alivyosema: amesikia. Yeye alibisha, sikuitika. Mimi nimesema, yeye ameitika. Zaidi ya hapo sina haki ya kudai.

Usinijibu kwa kunituliza, dada, wala usiniambie kwamba kila mama angefanya vile. Najua utataka kusema hivyo kwa sababu unanipenda. Labda ni kweli, lakini Bibi Mwanapili hakufanya vile, na panga lilikuwa lilelile. Ukienda kanisani Magila mtaje Linet kwa jina. Ukiweza, likizo ya Agosti njoo umchukue Gillian akae nawe wiki chache, acheze na binamu zake, ale fenesi, alale kwenye nyumba isiyo na habari.

Ivan bado hajui. Nitamwambia leo, Gillian akiwa kwa Bibi. Nimeanza na wewe kwa sababu uso wako siuoni.

Nisalimie shemeji, wape watoto mapenzi yangu, na mama mkubwa mwambie nimepokea kanga yake na rangi yake imenikaa. Majirani wote walioniulizia, waambie nawakumbuka. Mungu akuponye goti hilo.

Namsikia Ivan anaegesha baiskeli uani. Naifunga bahasha hii sasa, kabla sijamwambia, nisije nikaichana baadaye.

Ni mimi mdogo wako,
Milcah