Mama Marceline Anataka Kusimama

Siku ya tatu, 5/6/2024
Mama mukwe ameanguka! Mama Marceline, muzazi wa marehemu bwana yangu Hénoc. Mu douche, akioga — douche yangu, mu nyumba yangu, ile alininyanganyaka kisha maziko. Mufupa ya hanche, ya nyonga, imevunjika. Nimecheka mpaka nikashika tumbo. Mungu anisamehe. Ao asinisamehe, ni vile vile.

Siku ya tano, 7/6
Bananiita ku hopitali. Mimi! Batoto yake je? Stanislas iko ku mupaka, Kasumbalesa, na malori yake, Wivine anasema mugongo inamuuma. Sasa nani atamuosha, nani atamugeuza? Eti mama mwenyewe amesema: Falonne njo anajua kulinda mugonjwa.

Leo ananijua! Ku kilio ya Hénoc alinikalishaka chini ku simenti, bila kuegemea ukuta. Mujane hasimame mpaka mama mukwe aseme. Nikaomba niende ku choo. Akajibu: ngoja kwanza. Nikajikojolea mbele ya bantu bote.

Siku ya posho, 8/6
Docteur ametuelezea. Njia ni mbili. Kukaza mufupa na vis, misumari ya kuzungusha: operesheni ndogo, anabakia na mufupa yake, lakini miezi mitatu hakanyage chini, na ku miaka yake vis inaweza kulegea, bapasue tena. Ao kutoa kichwa ya mufupa, kutia prothèse, kichwa ya bandia ya chuma: operesheni kubwa, damu mingi, lakini kesho yake banamusimamisha. Docteur anapenda prothèse, sababu mufupa imesogea. Stanislas ku telefone: Falonne achague, yeye njo atamulinda.

Miezi mitatu! Roho yangu iliruka. Vis! Alale pale, aombe bassin ya kukojolea, na mi nimujibu: ngoja kwanza.

Siku ya yenga, 9/6
Ku misa sikusikia kitu, nilikuwa nawaza. Miezi mitatu atalala wapi? Ku kitanda yangu! Na nani atamwaga mikojo? Mimi! Kisasi gani ile? Hapana. Nataka asimame. Atoke mu nyumba yangu na miguu yake mwenyewe, majirani bakiangalia. Prothèse!

Siku ya kwanza, 10/6
Nimemuambia docteur: prothèse. Ni kesho asubui. Mama amenishika mukono, analia: aksanti, mutoto yangu. Eh, asinilainishe! Nikamuambia sharti yangu: siku atatembea, nyumba inarudi kwangu. Akageuza uso ku ukuta. Kisha, kwa sauti kidogo: "Falonne, bassin. Haraka, mama."

Bassin iko chini ya kitanda, mukono yangu inafika. Ameita mara ya pili. Niko naandika kwanza.