Konokono kwa Bi Rukia

Mkamburi mjukuu wangu,

Huku Mji wa Kale hatujambo. Bibi yako amerudi kanisani kuimba, na goti langu limenipa nafasi ya kukaa kitako nikujibu. Umeuliza: mama mkwe wako huko Ghana akikupikia konokono nawe huwezi kula, utakuwa umemvunjia heshima?

Nilipokuwa mwandishi mchanga wa gazeti nilipanga chumba kwa Bi Rukia. Mpangaji mwenzangu Efua, Mghana ambaye mumewe baharia alikuwa safarini, aliokota konokono baada ya mvua akawachemsha uani. Hakuwahi kuwapika mwenyewe. Ute ulijaa sufuriani.

Bi Rukia alitoka ameziba pua kwa leso.

"Weye mwana, funga virago! Kwangu hakupikwi madudu."

Efua alilia kimya huku akiwasuuza. Bi Rukia akamtazama mikono.

"Hivyo ute hautoki milele. Kwani pweza huoshwa vipi?"

"Sijui, Mama."

"Hujui! Watoe magambani, utupe matumbo, uwasugue kwa chumvi na ndimu mpaka wasiteleze. Mie siwagusi!"

Alisimamia wakioshwa kwa maji matatu, kisha akaamuru vitunguu vikaangwe kwanza. Virago havikutajwa tena.

Chakula kilipoiva hakuonja hata mchuzi. Lakini alivuta kibao akaketi mbele ya Efua, wakazungumza mpaka sahani ikaisha. Nilipomuuliza kwa nini aliketi mbele ya chakula asichokila, alishangaa.

"Ale peke yake, kwangu?"

Nakuombea heri.
Babu yako