Dakika Arobaini Kutoka Bhadrapur

Kambi ya Beldangi, Nepal
4 Oktoba 2023

Dada Devimaya,

Leo natimiza miaka thelathini na mmoja nje ya Bhutan. Hujambo? Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila kikohozi kimenizoea.

Nimepima kwa uzi kwenye ramani, kutoka uwanja mdogo wa ndege wa hapa Bhadrapur hadi wenu wa Gelephu, huko Bhutan: kama kilomita mia mbili na arobaini. Ndege ndogo ingetumia dakika arobaini. Lakini hakuna ndege ya njia hiyo, na hata ingekuwapo, mtu asiye na pasi ya nchi yoyote angepandaje? Kwa basi, kupitia India, ni saa kumi na sita hadi lango la mpaka wenu.

Nitakuja hadi langoni siku ile dada wanapowatia ndugu zao wa kiume alama ya rangi saba kwenye paji la uso. Toka nje unitie yangu, kabla mmoja wetu hajaondoka duniani. Tangu mimi nifukuzwe na wewe ubaki kwa karatasi za mumeo, paji langu halijaguswa.

Mdogo wako,
Nandalal

Gelephu
22 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Tu wazima, magoti ndiyo hayasikii la mtu.

Mwalimu mzima wa miaka sabini na mbili, bado unapima dunia kwa uzi! Dakika arobaini! Ningepakua wali ukipanda ndege, ukafika haujapoa.

Nitakuja. Mkwe wangu atanibeba kwa pikipiki. Nimepanda yale maua ya zambarau yasiyonyauka, ya shada lako, na jozi ninayo, kokwa ile ngumu ya kuvunja kizingitini ili mauti yakukose. Lango la serikali litakuwa kizingiti chetu. Usile kitu kabla sijakutia alama. Nakujua kwa ulafi.

Dada yako

Beldangi
20 Novemba 2023

Dada,

Umeamkaje? Moyo umetulia? Binti yako Pabitra ameniambia ulianguka asubuhi ileile, umeshavaa, pikipiki inanguruma.

Nilingoja langoni tangu alfajiri, bila kula. Adhuhuri akaja yeye peke yake, na shada na jozi.

"Mjomba, mama anasema uingie, dakika kumi tu. Mwambie mlinzi wewe ni mzee, huwezi kuiba nchi."

Nilimwambia hivyohivyo. Alicheka, akaniletea kiti. Lango hakufungua.

Pabitra alinivisha shada. Alama hakunitia, kazi ya dada haifanywi na binti. Tukiwa tumesimama, ndege ikapita ikishuka Gelephu, chini kiasi cha kuhesabu madirisha. Nikayahesabu. Kisha nikala mkate wangu.

Jozi nimemrudishia. Ivunje mlangoni pako, ulitaje jina langu, usiningoje. Kifua hiki hakitalistahimili basi lile mara ya pili.

Shada liko ukutani. Ni kweli, halinyauki.

Sitarudi.

Mdogo wako,
Nandalal