Matawi Nyuma ya Gari Zima

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi yaishie kifuani mwako. Usimsomee mwenzako hata kwa utani. Kuna mtu atakosa kazi, na si mimi peke yangu.

Jumatatu, 14 Julai

Mizani tangu asubuhi. Malori ya marobota yamepanga foleni kutoka geti la kiwanda hadi barabara ya Lamadi. Vumbi, pamba puani. Muuguzi Kabula wa zahanati ameweka meza chini ya dirisha langu: kupima presha, sukari na macho, bure. Msimamizi wangu wa mizani ndiye aliyechagua mahali. Siku nzima hakuja dereva hata mmoja. Wananisalimia, wanaitazama mashine kama nyoka.

"Binti, hiyo inapima mzigo au mtu?" mmoja akauliza.

Wakacheka, wakaondoka. Jioni Kabula alikunja meza.

Jumanne, 15 Julai

Nimeelewa. Mama Milembe, anayewauzia uji, ndiye aliyenifungua macho. Mizani ndipo wanapokamatwa wakizidisha uzito. Nani atapeleka mkono wake hapo? Tena wanasema karani ni sikio la bosi. Karani ni mimi. Imeniuma.

Kuhamishia meza kwa Mama Milembe hakusaidii. Dereva akiiacha gari, foleni ikisogea, zamu imekwenda. Basi Kabula ameamua kupanda kwenye kila kichwa cha lori. Saa ya chakula nilimbebea mashine. Wanne walikubali. Mmoja alitaka na utingo wake apimwe, "maana huyu ndiye ananipandisha presha."

Nilirudi nikiwa na furaha. Msimamizi alikuwa mlangoni. Anataka majina ya watakaokutwa wagonjwa, awapigie simu matajiri wao, wenye malori. Nikaingia kuandika uzito. Mkataba wangu unaisha mwezi huu.

Jumatano, 16 Julai

Baba Shija, dereva wa Mwanhuzi. Mtu mzima, mpole, ndiye aliyenifundisha kusalimia "mwadila" nilipofika hapa kutoka Njombe sijui neno la Kisukuma. Namba ya juu ya presha imevuka mia mbili. Kabula akarudia. Ileile. Akamwambia hospitali, leo hii.

Akakataa. "Nikishuka humu mgonjwa, tajiri anapandisha mwingine. Sirudi tena." Kesho kutwa anapakia kwenda Dar.

Jioni msimamizi aliuliza tena. Nikasema sijui. 

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala vizuri. Nikitaja jina, nimemkata mkate, na hakuna mlango wa lori utakaofunguliwa tena. Nikinyamaza, anaweza kuzimia na tani zote zile kwenye mteremko, mbele ya watoto wa shule. Naogopa huku, naogopa kule. Mimi si jasiri. Niliomba Mungu amtume mtu mwingine.

Hakutuma. Saa ya chakula nilipanda mwenyewe garini kwa Baba Shija, na mashine mkononi.

Nilimuuliza gari likichemka njiani anafanya nini.

"Naliegesha. Natandika matawi nyuma."

"Na wenzako?"

"Wanapita pembeni. Nani atampigia honi mwenye matawi?"

  Akanitazama, akaitazama mashine.

"Binti," akasema akicheka, "wewe ni mbaya sana."

Alasiri gari lake lilikuwa limeinuliwa kichwa, matawi ya mwarobaini yametandikwa nyuma. Utingo amekaa kando ya gurudumu analinda zamu. Baba Shija hayupo. Kabula amempeleka kwa bodaboda, taratibu. Msimamizi akaniuliza lile lina nini. Nikasema dereva amefuata fundi. Uongo wangu wa pili kazini. 

Ijumaa, 18 Julai

Wamemlaza. Foleni ilisogea, walio nyuma yake hawakumpita. Wanajua. Hakuna aliyemwambia msimamizi.

Jumatatu, 21 Julai

Baba Shija ametoka. Ana vidonge, na daktari amemkataza usukani kwa sasa. Alimpigia tajiri yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Tajiri alifoka, kisha akatuma dereva wa safari hii moja. Akirudi amepona, gari ni lake. Amesema hivyo. Tutaona.

Alipita dirishani kuniaga. Akasema "mwadila" tu. Nikaitika.

Leo kuna matawi nyuma ya malori mawili. Yote mazima. Msimamizi analalamika kwamba magari ya mwaka huu ni mabovu kweli. Nimeandika uzito, nimefunga dirisha. Kumetulia.

Kama wewe uliyesoma ni dereva, na kichwa kinakugonga, usije mizani. Usiulize jina langu getini. Bana jani bichi la mwarobaini kwenye waipa, upande wa utingo, kisha kaa garini mwako. Saa ya chakula nitapita na mashine.