Ganda la Matundu Mawili

Mjukuu wangu Ezekieli wa huko Buffalo,

Sisi hapa Columbus hatujambo. Mama yako amepata kazi ya kutunza wazee huko Hilliard, jirani na hapa, na mguu wangu umepungua uvimbe.

Umeniuliza kwa nini pini ya mashine ya karakana yenu, ile inayosukuma nje fataki iliyotumika, inavunjika mnapojaza risasi upya. Nitakueleza, ingawa naona aibu.

Tulipofika Louisville nilifanya kazi kwenye karakana kama yenu. Nilichambua maganda ya risasi yaliyookotwa kwenye uwanja wa shabaha, ya kila aina, yamechanganyika. Domitila, ambaye tulitoka naye kambi moja ya wakimbizi Tanzania, ndiye aliyekaa kwenye mashine. Bosi alimsifu kila siku. Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda.

Siku moja nilimulika ganda kwa tochi, nikaona ndani, kwenye kitako, matundu mawili madogo pembeni badala ya moja katikati. Nilijua pini haitapata pa kupita, itagonga shaba tupu. Nikaliacha lipite.

Pini ilikatika, mashine ikasimama. Bosi akamfokea Domitila mbele ya watu wote. Nikangoja nifurahi, nisifurahi.

"Ni mimi," nikasema. "Nililiona."

Domitila alinitazama sana. "Dada, si ungeniomba tu nikufundishe?"

Na alinifundisha. Kwa hiyo wewe mulika kila ganda, na lenye matundu mawili liweke kando.

Ila nisikudanganye, mjukuu wangu. Mikono yake ilibaki kuwa myepesi kuliko yangu, na wivu haukuniisha. Nilijifunza tu kukaa nao bila kuutuma kazi.

Bibi yako,
Godeliva