Mpaka Wangu na Masters ya Mwende

Jumanne, Mbumbuni

Sasa hiyo masters ni ya nini? Mwende, mtoto wa dada yangu, amesomea sheria Ulaya kwa baridi ya kuua ng'ombe, halafu leo ananiambia hawezi kusimama kortini!

Nilimwonyesha vile jirani yangu Musyoka amesongesha mikonge ya mpaka ndani ya shamba langu. "Mshtaki wiki hii," nikamwambia.

"Anko, bado sijaapishwa. Kwanza niende shule ya mawakili hapa Kenya, halafu nifanye kazi chini ya wakili mwingine. Kwani wazee wa ukoo si walikuwa wanasikiza hiyo kesi?"

Walikuwa. Mimi ndiye niliwafukuza. Niliwaambia mbele ya soko lote kwamba Mwende aliwashinda mawakili wazungu kortini huko Ulaya mpaka jaji akasimama kumpigia makofi, kwa hivyo sina haja na wazee wa kula nyama ya bure.

Musyoka amesikia. Jioni ameniita kutoka upande wake, "Wewe mwenye wakili! Samansi yangu ya kuitwa kortini iko wapi?"

Naogopa. Mvua ikinyesha atalima hapo, na akivuna mara moja watu wataanza kupaita kwake.

Mwende anasema nirudi kwa wazee. Ukiwatukana huwezi kuwarudia mikono mitupu, lazima upeleke mbuzi. Kesho nitapeleka yule dume mweusi, na nitawaambia ukweli mtupu: nimekuja kwa ushauri wa wakili wangu.